Mgao sawa kwa kila jimbo si haki kwa barabara za Nyanda za Juu Kusini

Tangu Mei 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipotangaza kwamba Mbeya Mjini itagawanywa na kuzaa jimbo jipya la Uyole, hoja moja imekuwa ikirudiwa hapa mjini, vijiweni Kabwe na kwenye vikao vya kata: sasa tutapata mafungu mawili ya maendeleo badala ya moja. Ni hoja ya zamani. Ilitumika Njombe ilipotoka Iringa mwaka 2012, ikatumika tena Songwe ilipotoka Mbeya mwaka 2016. Wasiozungumzia mipaka huzungumzia kilomita na mabilioni. Barabara ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, imeshapewa jina la fungu la Mbeya. Mkataba wa miaka 30 wa kuifufua reli ya TAZARA, uliosainiwa Septemba 2025 na kampuni ya Kichina ya CCECC kwa ahadi ya uwekezaji wa dola bilioni 1.4, unatajwa kuwa fungu la ukanda mzima wa kusini. Kwa hesabu hizo, mwenye malalamiko anaambiwa anyamaze, na mwenye kushukuru anaambiwa ashukuru zaidi.

Naona tunahesabu kitu ambacho sicho. Tatizo la Nyanda za Juu Kusini si ukubwa wa fungu bali kanuni inayoligawa. Fedha za barabara zetu za vijijini hazifuati mzigo unaopita juu yake wala mvua inayozibomoa. Zinafuata mipaka ya kisiasa na, kwa sehemu nyingine, idadi ya watu. Fedha kubwa zaidi, zile za miradi ya kitaifa, zinafuata shaba ya Zambia na Kongo na mafuta yanayopanda kutoka bandarini. Hilo ni halali kabisa kwa taifa linaloishi kwa bandari. Lisilo halali ni kuliandika kwenye daftari la mkulima wa Rungwe au Ludewa kana kwamba yeye ndiye aliyelipwa.

Nisieleweke vibaya kuhusu njia nne. Anayepita Uyole, Mafiati au Mbalizi jioni anajua malori ya kwenda Tunduma yanavyobanana na daladala, bajaji, bodaboda na watoto wanaotoka shule. Barabara hiyo inahitajika, na imechelewa. Lakini tuseme ukweli juu ya kazi yake: inapitisha. Asili ya njia hii kuu yote, kutoka Dar es Salaam kupita Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya hadi mpakani, ni kumwokoa jirani. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilibaki bila njia salama ya kwenda baharini. Barabara ya lami ikajengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikajengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na kukabidhiwa mwaka 1976. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa ya kisiasa na ya kibinadamu. Haikupangwa kwa kuuliza viazi vya Uporoto vitatokaje shambani.

Ni kweli kwamba katika miaka hiyohiyo taifa lilikuwa na mawazo mapana zaidi kuhusu mikoa. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, 1969 hadi 1974, uliichagua Mbeya kuwa mmoja wa miji michache ya kukuzwa ili Dar es Salaam isimeze kila kitu. Ndiyo roho iliyotuletea viwanda kama kile cha zana za kilimo. Lakini sera iliyoubadilisha ukanda huu kuliko kiwanda chochote haikuwa ya viwanda wala ya barabara. Ilikuwa sera ya bei.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, serikali kupitia Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga au Songea alilipwa sawa na mkulima wa Morogoro, ingawa gunia lake lilikuwa na safari ndefu mara kadhaa kufika kwenye walaji wa pwani. Pamoja na ruzuku ya mbolea, bei hiyo moja ndiyo iliyozifanya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Kabla ya hapo umbali ulikuwa umeifunga ardhi hii nzuri. Baada ya hapo umbali ulilipiwa na hazina. Tukiitazama kwa macho ya leo, hayo yalikuwa matumizi makubwa ya serikali kwa mikoa ya mbali, ingawa hayakuandikwa popote kama mgao wa mkoa. Yalijificha ndani ya hasara za NMC. Na hasara zilikuwa za kweli: shirika lilizama kwenye madeni, wakulima walicheleweshewa malipo, na mahindi yalikaa maghalani au barabarani yakisubiri lori. Mageuzi ya miaka ya 1980 yakaiondoa bei moja. Sidhani kulikuwa na njia ya kuiendeleza ilivyokuwa.

Ila jambo moja halijapata kusemwa vya kutosha. Siku bei moja ilipoondolewa, gharama ya umbali ilihamishwa kutoka hazina na kuwekwa begani kwa mkulima, na hakuna kitu cha ukubwa ule kilichowekwa badala yake. Jibu la kawaida lingekuwa kupunguza gharama yenyewe: kama serikali hailipii tena safari ya gunia, basi angalau ifanye safari iwe rahisi. Hilo lingetaka barabara za mashambani zipewe uzito mpya kabisa. Badala yake, kwa miaka mingi asilimia 70 ya Mfuko wa Barabara ilikwenda kwenye barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 tu ndiyo iliyoachiwa barabara za wilaya na miji. Leo TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, inasimamia takribani kilomita 37,000. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, ina zaidi ya kilomita 144,000. Msomaji apime mwenyewe uwiano huo na namna fedha zilivyokuwa zikigawanywa.

Mwaka 2021 kulitokea badiliko zuri. Tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na kila jimbo likatengewa shilingi milioni 500. Nilifurahi kama wengine. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu greda zilionekana mahali ambapo watu walikuwa wameanza kusahau mlio wake. Lakini papo hapo kukazaliwa tabia ambayo sasa imekuwa kama sheria isiyoandikwa: kwamba haki katika barabara ni kila jimbo kupata sawa na jingine. Ndiyo maana Uyole kuwa jimbo kunashangiliwa kama mvua ya kwanza.

Milioni 500 za Makete si milioni 500 za jimbo la tambarare kavu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma hupata chini ya 600. Barabara ya moramu iliyochongwa Agosti kwenye mteremko wa Busokelo, bila mitaro ya mawe na makalavati ya kutosha, ifikapo Aprili imeshakwenda na maji, na mwaka unaofuata fedha zilezile zinarudi kuchonga palepale. Kwenye ardhi ngumu isiyo na mvua nyingi, moramu hiyo ingeishi miaka kadhaa. Ugumu wa milima yetu serikali yenyewe inaujua: kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50 kwenye barabara ya Itoni kwenda Ludewa, kilijengwa kwa zege badala ya lami ya kawaida. Wahandisi walitazama ardhi, mvua na mizigo, wakaamua. Inakuwaje busara hiyo itumike kwenye barabara ya mkoa, halafu barabara ya kijiji inayoungana nayo igawiwe fedha kwa kugawanya jumla kwa idadi ya wabunge?

Wapo watakaosema tuache majimbo, turudi kwenye kanuni za kitaalamu. Sawa, lakini nazo zina pengo. Kanuni ya ruzuku ya maendeleo ya halmashauri iliyoanza kutumika mwaka 2004 ilitoa uzito wa asilimia 70 kwa idadi ya watu, 20 kwa umaskini na 10 kwa ukubwa wa eneo. Kwa madarasa na zahanati hiyo ni kanuni nzuri, kwa sababu mtoto mmoja anahitaji dawati moja popote alipo. Kwa barabara haitoshi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 889,946 mkoani Njombe, dhidi ya 2,343,754 wa Mbeya na 5,383,728 wa Dar es Salaam. Kwa kichwa, Njombe ni ndogo. Lakini viazi mviringo, parachichi, mbao, chai na mahindi yanayotoka huko hayaliwi na hao laki nane na ushee. Barabara ya Lupembe inabeba chakula na bidhaa za watu wa Kariakoo, Dodoma na nje ya nchi, ambao kwenye kanuni wanahesabiwa kwao, hawahesabiwi kwenye barabara inayowahudumia.

Hapa ndipo inafaa tushuke hadi shambani, maana hoja hii ikibaki kwenye asilimia inapotea. Nimekaa na wakulima wa viazi upande wa Kikondo, kule juu kwenye barabara ya kwenda Kitulo na Makete, wakati wa mvua. Hawakuzungumzia njia nne wala TAZARA. Walizungumzia fuso. Fuso likifika shambani, dalali ana bei moja. Likiishia kilomita chache kabla, kuna bei nyingine, kwa sababu kila gunia litabebwa kwa kichwa, kwa punda au kwa bodaboda hadi lilipo lori, na anayelipa ni mkulima. Mvua ikizidi, fuso haliji kabisa, viazi vinakaa ardhini au vinachimbwa na kuoza. Tofauti kati ya bei ya Kikondo na bei ya Mbeya mjini, umbali wa mwendo mfupi tu kwa barabara nzuri, inaweza kumla mkulima faida yote ya msimu.

Hata lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, ambayo kila mwaka viongozi huikemea, inaeleweka vizuri zaidi ukiitazama kutoka kwenye tope. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Lakini mbebaji na mwenye lori hutoza kwa gunia, si kwa kilo. Njia ikiwa mbaya na nauli ya gunia ikiwa kubwa, mnunuzi ana kila sababu ya kulirefusha gunia kwa kulishonea kichwa, na mkulima ambaye hana lori lingine la kumkimbilia hana nguvu ya kukataa. Kwa hiyo tunaweka maofisa vizuizini kukamata magunia, tunawatoza faini wadogo, na lumbesa inaendelea. Siamini kwamba barabara peke yake itaimaliza; inahitaji mizani vijijini na ushirika wenye nguvu. Ila pale malori mawili au matatu yanapoweza kufika kushindana, mkulima hupata neno la kusema.

Parachichi ni somo gumu zaidi. Novemba 2022 Tanzania na China zilikubaliana kufungua soko la parachichi zetu huko, na India nayo imefunguka. Rungwe na Njombe watu wameng'oa mazao mengine kupanda parachichi aina ya hass. Tunda hilo halisamehi. Likigongana kwenye kreti kwa saa mbili za makorongo, michubuko haionekani siku hiyo; inaonekana kwenye kituo cha kufungashia, tunda linapokataliwa na kurudishwa kuuzwa soko la ndani kwa bei ya chini. Chai nayo: jani bichi lazima lifike kiwandani ndani ya saa chache, la sivyo ubora unashuka. Kwa mazao haya barabara mbovu haiongezi nauli tu, inabadili daraja la bidhaa. Bilioni zinazotumika kutafuta masoko ya nje zinamwagikia kwenye kilomita tano za mwisho.

Sasa tuwasikilize wanaotetea mgao sawa, kwa sababu wana hoja. Ya kwanza ni uwazi. Fungu linalolingana halihitaji mtaalamu kulieleza. Diwani anajua jimbo lake lilistahili nini na anaweza kuuliza ziko wapi. Katika nchi ambayo wananchi wamewahi kushuhudia miradi ikielekea nyumbani kwa wakubwa, usawa wa kihesabu ni kinga dhidi ya upendeleo. Siidharau kinga hiyo. Ukiweka kanuni yenye vigezo kumi, unampa mjanja milango kumi. Lakini uwazi haudai usawa wa mafungu; unadai kanuni ijulikane na takwimu zake zibandikwe. Hata mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009 na ambao ni mfuko wa wabunge kabisa, unazingatia idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa jimbo. Kama wabunge waliweza kukubali hivyo kwenye mfuko wao, barabara haziwezi kuwa jambo gumu kupita hilo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na inanisumbua. Nyanda za Juu Kusini si maskini kwa vipimo vya taifa. Iringa, Njombe na Mbeya huonekana juu kwenye pato la mtu mmoja kila takwimu za mikoa zinapotoka. Kwa nini fedha zije huku wakati Kigoma, Tabora au Simiyu wana hali mbaya zaidi? Mtu mwenye dhamiri hawezi kulipuuza swali hilo. Jibu langu lina pande mbili. Upande mmoja, hakuna anayependekeza kuondoa uzito wa umaskini. Napendekeza mzigo na mvua viongezwe kwenye fedha za matengenezo ya barabara pekee, na kwa vigezo hivyohivyo kuna wilaya za Kigoma na Kagera, zenye mvua nyingi na migomba na kahawa, ambazo nazo zingefaidika. Upande wa pili, pato la wastani la ukanda huu linaficha jambo la kutisha.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Iringa na udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Njombe ilikuwa asilimia 50.4, Rukwa 49.8. Wastani wa taifa ni asilimia 30. Mikoa mitatu inayolisha nchi ndiyo inayoongoza kwa watoto waliodumaa. Sababu ni nyingi na wataalamu wa lishe wanazitaja: mlo wa ugali bila mchanganyiko, akina mama wanaofanya kazi shambani kutwa nzima wakiwa wajawazito au wananyonyesha, maji yasiyo salama, ulezi. Sitadai kwamba udumavu wa Iringa ni matokeo ya barabara. Ninachodai ni kwamba takwimu hiyo inatuonyesha ukuaji wa aina gani tumejenga. Ni ukuaji wa kutoa. Kila kitu kimepangwa ili chakula kitoke: barabara kuu, reli, maghala ya hifadhi ya taifa Makambako. Kurudi, yaani mboga, samaki, maziwa, huduma ya kliniki, ajira ya kusindika, kunategemea njia ndogo zinazounganisha kijiji na kijiji na kijiji na mji wake wa karibu. Hizo ndizo zilizoachwa. Mama wa Ludewa vijijini anayeahirisha kliniki kwa sababu ya mto usio na daraja hayumo kwenye hesabu ya pato la mtu mmoja.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na nasikitika kusema inatoka kwetu wenyewe, ni ile ya kwamba tupewe zaidi kwa sababu tunachangia zaidi. Sisi ndio tunaolisha nchi, husemwa. Maji ya Usangu na Kilombero ndiyo yanayozungusha mitambo ya Mtera, Kidatu, Kihansi na sasa Bwawa la Julius Nyerere. Mbao za Sao Hill ndizo zinazoezeka nyumba za taifa. Yote hayo ni kweli. Lakini jaribu kuifanya hiyo kuwa kanuni. Sehemu kubwa kabisa ya kodi ya nchi hii hukusanywa Dar es Salaam, kwa sababu bandari na makampuni makubwa yako huko. Kanuni ya kila mtu apate kadiri alichochangia ingempa Dar es Salaam karibu kila kitu, ikaipa Geita na Shinyanga kwa dhahabu, Mtwara kwa gesi, na sisi wa viazi tungesubiri mstari wa nyuma. Zaidi ya hapo, ingevunja kitu ambacho ndicho kilichotujenga: bei moja ya NMC ilikuwa watu wa mikoa mingine wakibeba gharama ya umbali wetu. Waliofaidika na mshikamano hawawezi kugeuka kuukana wanapoona wana kitu cha kuuza. Haki ya barabara ya Lupembe inatoka kwenye kazi inayofanywa na barabara hiyo, wala haihitaji kiburi cha mkoa.

Kuhusu hoja kwamba njia kuu ikijengwa vizuri maendeleo yatasambaa yenyewe, nusu karne imetosha kuipima. Makambako, Mafinga, Uyole na Tunduma zimekua, na nafurahi. Chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma bado viko ardhini Ludewa, na tangu lami ya kwanza ipite Makambako watoto waliozaliwa mwaka huo wameshakuwa babu na bibi.

Je, kuhesabu mzigo kunawezekana? Hili ndilo swali ambalo maofisa huliuliza wakitaka kumaliza mazungumzo, na jibu lake ni kwamba tunahesabu tayari. Halmashauri zinatoza ushuru wa mazao kwenye mageti kwa mashine za POS, na kila risiti ina zao, kiasi na kituo. Viwanda vya chai vina daftari la jani bichi la kila siku na kituo lilipokusanywa. Vyama vya msingi vya kahawa na kakao ya Kyela vina mizani. Takwimu za mvua Mamlaka ya Hali ya Hewa inazo. Kuna dosari, sikatai: tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja umesamehewa ushuru, kwa hiyo mazao ya wadogo yanapita bila kuandikwa, na palipo na rushwa getini risiti husema uongo. Lakini ni takwimu bora kuliko kutokuwa na yoyote, na siku fedha za barabara zitakapoifuata risiti, madiwani na wakulima wenyewe watakuwa na sababu ya kutaka iandikwe kweli.

Mfano wa kuchagua barabara kwa mazao nao upo, wala si wa kuagiza. Kupitia mradi wa Agri-connect, fedha za Umoja wa Ulaya zilipelekwa TARURA kuweka lami kwenye barabara za maeneo ya chai, kahawa na mbogamboga katika mikoa yetu. Barabara ya Sawala, Mkonge hadi Iyegeya wilayani Mufindi ni mojawapo. Inaniuma kuona kwamba kigezo tunachoshindwa kukiingiza kwenye bajeti yetu kiliingia bila shida fedha zilipotoka kwa mfadhili. Wahandisi walikuwa walewale wa TARURA, na milima ilikuwa ileile.

Ninachopendekeza ni cha kiasi. Fungu la matengenezo ya TARURA lianze kugawiwa kwa urefu wa mtandao, mvua, mteremko na tani zinazopita, huku umaskini ukibaki na uzito wake. Sehemu ndogo ibaki sawa kwa kila jimbo ili pasiwe na anayeachwa mikono mitupu. Kalavati na mitaro vitangulie kilomita mpya, hata kama mbunge hatapata utepe wa kukata. Na halmashauri zenyewe zisisubiri Dodoma. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, jambo lililompunguzia mkulima mzigo lakini likazinyima halmashauri za kilimo mapato bila kuzipa kingine. Kilichobaki kionekane barabarani. Mkulima anayelipa getini halafu anakwama kilomita mbili mbele ya geti hana sababu ya kuamini kwamba ushuru ni wake.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 inaanza kutekelezwa Julai 2026, na bajeti ya 2026/27 ndiyo ya kwanza chini yake. Huo ndio wakati wa kuibadili kanuni, kabla mafungu ya miaka mitano hayajapangwa kwa mazoea. Mbunge wa Uyole na wa Mbeya Mjini, wa Rungwe, Busokelo, Makete, Ludewa, Mufindi na Ileje wana jambo moja la kudai kwa pamoja, badala ya kila mmoja kudai fungu lake: TARURA ibandike, kwa kila wilaya, orodha ya barabara zake zote, tani zinazokadiriwa kupita kwa mwaka, miezi ambayo hazipitiki, na fedha zilizowekwa kwenye kila moja kwa miaka mitano iliyopita. Orodha hiyo ikishabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata ya Kikondo, mazungumzo kuhusu nani kapata nini yatakuwa na mahali pa kuanzia.